Njia 49 au njia 48,007? Chenji ya buku na lupu mbili zilizogeuzwa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma diploma ya IT, mwaka wa pili. Tulipewa zoezi: kuna sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500, kila aina ipo ya kutosha. Kuna njia ngapi za kutoa chenji ya shilingi 1,000? Nilianza na fanksheni (kipande cha programu) inayojiita yenyewe, ikanipa 48,007. Nilipoiwekea 5,000 laptop ikaanza kuunguruma, haikujibu mpaka nikaizima. Nikaandika upya kwa jedwali, jibu likaja papo hapo, lakini ni lile lile 48,007. Mwalimu wetu anasema jibu ni 49. Rafiki yangu akaniambia nigeuze lupu (zile amri za kurudia hatua), ya ndani iwe ya nje. Nikageuza, ikatoka 49. Sielewi kwa nini. Mtihani ni wiki ijayo na mada hii, dainamiki programingi, ile ya kuhifadhi majibu madogo kwenye jedwali, nimeshaifeli mara moja. Nawaza kuhama kozi, labda kichwa changu si cha hesabu."

Marahaba. Tuanze na hilo la kichwa, maana naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko sarafu. Umepata 48,007 kwa programu mbili zilizoandikwa kwa namna mbili tofauti. Kosa la kubahatisha halina tabia hiyo. Leo lingekupa namba moja, kesho nyingine. Programu zako zote mbili zilihesabu sawasawa, ila zilihesabu kitu ambacho mwalimu wako hakukiuliza. Ugonjwa huo unatibika kabla ya wiki ijayo, na dawa yake ni kujua kila kisanduku cha jedwali lako kinahesabu nini hasa.

Weka buku, yaani ile 1,000, pembeni kwanza. Chukua shilingi 200 na sarafu za 50, 100 na 200. Konda anayekurudishia 200 anaweza kukupa mia mbili moja, au sarafu mbili za mia, au mia moja na hamsini mbili, au hamsini nne. Njia 4, na abiria yeyote wa daladala atakubaliana nawe. Sasa mwangalie konda huyo huyo anavyozidondosha kiganjani mwako moja baada ya nyingine. Ile ya mia moja na hamsini mbili ina sura tatu: mia inatangulia, mia inakaa katikati, au mia inakuja mwisho. Ukihesabu hivyo unapata 6. Sarafu ni zile zile na thamani ni ile ile, lakini umeacha kuhesabu mafungu yanayobaki kiganjani na umeanza kuhesabu mifuatano ya kuyatoa.

Kwa 200, tofauti ya 4 na 6 inaweza kukupita usiione. Kwa 1,000 inalipuka. Hebu tazama fungu moja tu: sarafu nane za 50, nne za 100 na moja ya 200. Jumla yake ni 1,000, na kwa mwalimu wako hiyo ni njia 1. Lakini sarafu hizo 13 zinaweza kudondoshwa kwa mifuatano 6,435. Fungu hilo peke yake limebeba zaidi ya sehemu ya nane ya jibu lako la 48,007.

Wala 48,007 si namba ya kutupa. Yapo maswali ambayo mfuatano ndio kiini chake. Washairi wa Kisanskriti wana silabi fupi, yenye pigo moja, na silabi ndefu, yenye mapigo mawili. Mstari wa mapigo 8 unaweza kupangwa kwa sura 34, na huko fupi ikitangulia ndefu mahadhi ni tofauti na ndefu ikitangulia fupi. Hemachandra, mwanazuoni wa India, aliieleza hesabu hiyo karibu mwaka 1150: sura za mapigo 8 ni zile zinazoishia kwa silabi fupi, yaani sura zote za mapigo 7, ukijumlisha zile zinazoishia kwa silabi ndefu, yaani sura zote za mapigo 6. Leonardo wa Pisa, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Fibonacci, aliandika kitabu chake chenye mfululizo huo mwaka 1202. (Sisi wa mizani 8 za utenzi hatuna shida hiyo, kwa kuwa kila silabi yetu ni mizani moja.) Fanksheni yako ya kwanza ilikuwa inafanya kazi ya Hemachandra. Kilichoombwa ni kazi ya konda.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe, kwa nini kugeuza lupu kunabadilisha jibu.

Fanksheni yako ilikuwa inauliza: sarafu ya mwisho kudondoshwa ilikuwa ipi? Kama ilikuwa 50, kabla yake palikuwa na 950. Kama ilikuwa 100, palikuwa na 900. Kama ilikuwa 200, palikuwa na 800, na kama ilikuwa 500, palikuwa na 500. Kila mfuatano una sarafu moja tu ya mwisho, kwa hiyo hakuna mfuatano unaosahaulika wala unaohesabiwa mara mbili. Ukijumlisha unapata 27,296 + 15,522 + 5,019 + 170, ambayo ni 48,007. Swali hilo ni halali kabisa kwa mfuatano.

Kwa fungu halina maana. Fumbata sarafu kiganjani, kisha uniambie ipi ni ya mwisho. Fungu halina mwisho wala mwanzo, kwa hiyo tunahitaji swali jingine la kuligawa, nalo ni hili: je, ndani yake kuna jero, yaani sarafu ya 500, hata moja, au hakuna? Kama hakuna, fungu limeundwa kwa 50, 100 na 200 peke yake, na mafungu ya aina hiyo kwa 1,000 ni 36. Kama ipo, toa jero moja. Kinachobaki ni fungu la 500, ambalo bado linaruhusiwa kuwa na jero nyingine, na mafungu hayo ni 13. Tena hakuna linalosahaulika wala linalorudiwa: 36 + 13 = 49.

Ona kilichobadilika. Kwenye mfuatano, ili ujibu, ulihitaji kujua kitu kimoja tu: kiasi kilichobaki. Kwenye mafungu unahitaji viwili: kiasi kilichobaki, na aina za sarafu ambazo bado zinaruhusiwa. Wanaofundisha mada hii huita taarifa hizo "hali". Nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi, na naweza kukuambia kuwa makosa mengi ya mada hii yanatokea hapo. Mtu anaanza kuandika lupu kabla hajajua hali yake ina vitu vingapi.

Kwa hiyo jedwali la mafungu, kwa haki, lina mistari minne, mmoja kwa kila aina ya sarafu inayoongezeka. Ule mstari mmoja uliouandika baada ya kugeuza lupu ni jedwali hilo hilo lililokunjwa. Tuukunjue kwa shilingi 200, tukihesabu kwa hatua za hamsini, yaani visanduku vya 0, 50, 100, 150 na 200.

Kabla ya sarafu yoyote: 1, 0, 0, 0, 0
Baada ya kuruhusu 50: 1, 1, 1, 1, 1
Baada ya kuruhusu 100: 1, 1, 2, 2, 3
Baada ya kuruhusu 200: 1, 1, 2, 2, 4

Ile 1 ya mwanzo, kwenye kisanduku cha sifuri, huwasumbua wengi. Inasema kuna njia moja ya kutoa shilingi sifuri: kutotoa kitu. Ukiweka 0 hapo, jedwali zima litabaki sifuri, kwa kuwa kila namba inayofuata imezaliwa na hiyo.

Tazama mstari wa 100. Kisanduku cha 150 kilikuwa na 1, ambayo ni hamsini tatu. Tukaongeza kilichomo kwenye kisanduku cha 50, nacho ni 1, tukapata 2. Ile njia mpya ni hamsini iliyokuwapo tayari, ikiongezewa mia. Je, mia iliyoongezewa hamsini imehesabiwa? Hapana, wala haitahesabiwa kamwe, kwa sababu zamu ya hamsini imekwisha na lupu ya nje hairudi nyuma. Kila fungu linajengwa kwa mpangilio mmoja tu: hamsini zote kwanza, kisha mia zote, kisha mia mbili, kisha jero. Fungu moja, mpangilio mmoja, hesabu 1.

Ukiweka kiasi kuwa lupu ya nje, kila kisanduku kinazikaribisha sarafu zote kwa pamoja. Ukifika 150, hamsini inakuja juu ya kisanduku cha 100, na mia inakuja juu ya kisanduku cha 50, kwa hiyo hamsini-mia na mia-hamsini zote zinaingia. Mstari wako unakuwa 1, 1, 2, 3, 6. Hapo kwenye 150, 2 dhidi ya 3, ndipo njia mbili zilipoachana kwa mara ya kwanza, na kufikia 1,000 zimeshaachana kwa maelfu.

Kwa maandishi ya programu, ukigawanya kila kitu kwa 50 ili sarafu ziwe 1, 2, 4 na 10 na lengo liwe 20, mafungu yanahesabiwa hivi:

njia[0] = 1, vingine vyote 0
kwa kila sarafu s katika 1, 2, 4, 10:
    kwa kila k kuanzia s hadi 20:
        njia[k] = njia[k] + njia[k - s]

Huko kugawanya kwa 50 si lazima, ila ukiacha shilingi kama zilivyo utakuwa na visanduku 1,001, vingi vikiwa tupu milele.

Kuhusu laptop kuunguruma: haikuharibika. Fanksheni inayojiita bila kukumbuka hujenga jibu kwa kujumlisha moja moja. Kila 1 ndani ya 48,007 ni safari nzima kutoka 1,000 hadi sifuri. Kwa 5,000 idadi ya mifuatano ni namba yenye tarakimu 25, na hata mashine inayomaliza safari bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka milioni 60. Na katika safari hizo inauliza maswali yale yale bila kuchoka: 200 ina njia ngapi, 200 ina njia ngapi. Mangi wa duka hafanyi hivyo. Akitaka kujua deni lako hajumlishi upya tangu Januari, anafungua daftari, anasoma jumla ya mwisho na kuongeza sukari ya leo. Jedwali ndilo daftari. Kwa 5,000 lina visanduku 100, ukiacha kile cha sifuri, na sarafu 4, hivyo ni majumlisho yasiyozidi 400, na unapata mafungu 2,691. Kwa msimbazi, yaani 10,000, unapata 19,006.

Hiyo ndiyo dainamiki programingi yote, na jina lake linatisha kuliko kazi yenyewe. Richard Bellman, mwanahisabati wa Marekani, alianza kulitumia miaka ya 1950, wakati neno hilo la programingi lilimaanisha kupanga mipango na ratiba zaidi ya kuandika maelekezo ya kompyuta. Kazi yenyewe haihitaji hata umeme. Percy MacMahon, Mwingereza, alihesabu kwa mkono ni njia ngapi za kuigawa namba kwa mafungu ya namba nzima, ambayo ni sawa na swali lako kama pangekuwa na sarafu ya 1, ya 2, ya 3 na kuendelea. Alijaza jedwali lake hadi 200, ambako jibu ni 3,972,999,029,388, na wanahisabati Hardy na Ramanujan wakalitumia mwaka 1918 kupima fomula yao ya hesabu hiyo.

Utaniuliza: niandike jedwali au niiache fanksheni ijiite huku ikikumbuka majibu? Kwa kufikiri, napendelea ya pili. Inafanana na swali lenyewe, "jero ipo au haipo", na ukisahau kipande cha hali inakuumbua mapema. Kwa mtihani wa kuandika kwa mkono, jedwali ni salama zaidi, maana unaweza kumwonyesha msahihishaji mistari yako na ukapata alama hata kama jumla ya mwisho imepotoka. Pia lugha ya programu ya Python, usipoibadilisha, haikubali fanksheni ijiite kwa kina kinachozidi takribani mara 1,000, na jedwali halina shida hiyo.

Njia ya tatu ni kalamu tu, nayo nakushauri uitumie kujikagua. Gawa kwa idadi ya jero. Bila jero, ukiwa na mia mbili 0, 1, 2, 3, 4 au 5, njia za kumalizia kwa sarafu za 100 na za 50 ni 11, 9, 7, 5, 3 na 1, jumla 36. Kwa jero moja inabaki 500: 6, 4 na 2, jumla 12. Kwa jero mbili hakibaki kitu: 1. Ni 49, bila kompyuta. Ukitaka namba nyingine za kupimia programu yako, shilingi 100 ya Kenya kwa sarafu za 1, 5, 10 na 20 ina njia 286, na dola moja ya Marekani kwa sarafu za senti 1, 5, 10, 25 na 50 ina njia 292.

Kuna mitego miwili ambayo watunzi wa mitihani wanaipenda. Wa kwanza: konda ana sarafu moja tu ya kila aina. Hapo lupu ya ndani inapaswa kushuka, kutoka kiasi kikubwa kwenda kidogo, ili kisanduku unachokisoma kiwe bado hakijaguswa na sarafu hiyo. Ukipanda, utaitumia sarafu moja mara mbili bila kujua. Na akiwa na hamsini mbili, usiziandike kama aina mbili tofauti, maana kutoa 150 akiwa na hamsini mbili na mia moja mfukoni itakuja kuwa njia 2 wakati ni 1. Hesabu badala yake kama unatumia hamsini 0, 1 au 2. Wa pili ni ukubwa wa namba. Ile ya tarakimu 25 niliyoitaja haiingii kwenye namba za biti 64 za Java au C++, ambazo zinaishia tarakimu 19 au 20. Lugha hizo hazitakuonya. Zitakupa namba ya uongo, pengine hasi, bila haya. Ndiyo maana maswali mengi ya mashindano huomba baki baada ya kugawa kwa 1,000,000,007.

Ushauri wa rafiki yako, geuza lupu, ulikuwa sahihi safari hii, lakini usiingie nao kwenye chumba cha mtihani. Swali likija la ngazi zinazopandwa hatua moja au mbili, mfuatano ndio unaotakiwa, na ukigeuza utakuwa umeharibu. Kabla ya kugusa lupu yoyote, andika sentensi moja kwa Kiswahili cha kawaida: "Kisanduku cha k kina idadi ya mafungu yenye thamani k, yaliyoundwa kwa aina hizi za sarafu tu." Ukishindwa kuimalizia sentensi hiyo, hujafika wakati wa kuandika programu.

Na kuhusu kuhama kozi, hilo usiliamulie kwenye sarafu. Nenda ofisini kwa mwalimu wako ukiwa na karatasi ya mistari minne uliyoijaza mwenyewe, umwonyeshe kisanduku unachokwama. Dakika kumi za kukaa naye mkitazama karatasi moja zitafaa kuliko barua ndefu kama hii, kwa sababu ataona mkono wako unapopotea, nami sioni. Ikiwa kufeli mara ya kwanza kulitokana na mambo mengine, kama ada, kazi ya usiku au msiba nyumbani, basi mtafute mshauri wa wanafunzi chuoni kabla ya mtihani, si baada ya matokeo.

Leo jioni funga laptop na ufanye shilingi 300 kwa sarafu za 50, 100 na 200, mara mbili: kwanza mafungu, kisha mifuatano. Ukipata 6 na 18, kalale. Ukipata vingine, hiyo ndiyo karatasi ya kupeleka kwa mwalimu kesho asubuhi.